Chakula cha Tembe

Mbuchi ni kijiji kilichomo katika delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, mahali mto ule ugawanyikapo matawi mengi kabla ya kuingia baharini. Kandokando ya maji imeota mikoko, na penye nafasi watu hulima mpunga. Huko, kama katika vijiji vingine vingi vya Tanzania, watu hufuga kuku wachache uani. Kuku hao huachwa asubuhi wajitafutie wadudu, mbegu na majani, na jioni hurudi kulala.

Kuku jike aliyekwisha kukua lakini hajaanza kutaga huitwa tembe. Kuku wa kienyeji kwa kawaida huanza kutaga apatapo umri wa miezi sita au saba. Wakati huo ukikaribia, chakula chake hakina budi kubadilika, na mwenye kuku asiyejua jambo hili hupata hasara.

Kwanza tembe hujenga mwili. Chenga za mchele, pumba laini na mahindi yaliyopondwa humpa nguvu. Dagaa, vichwa vya kamba na mchwa hujenga nyama na manyoya. Mchicha na majani ya mpapai humpa afya. Lakini samaki waliotiwa chumvi si chakula chema, kwa maana chumvi nyingi huua kuku. Hao sharti waloweshwe na kuoshwa sana, au waachwe kabisa. Tena maji ya mkono wa bahari hayafai kunyweka. Tembe apewe maji baridi, safi, katika chombo kilichowekwa kivulini.

Katika miezi hiyo ya kukua, tembe asichanganyiwe maganda ya chaza katika chakula chake. Maganda hayo yana madini mengi yaitwayo kalsiamu. Kuku asiyetaga hana kazi nayo nyingi, na yakizidi mwilini huharibu figo zake.

Basi, wakati wa kubadili chakula hujulikanaje? Tembe mwenyewe huonyesha. Undu wake, yaani ile nyama ya utosini, huwa mkubwa na mwekundu. Akikaribiwa na mtu, huchutama badala ya kukimbia. Huanza kutetea, na kuingia pembeni penye giza au kikapuni, akitafuta mahali pa kutagia. Dalili hizi zikionekana, na awekewe maganda.

Sababu yake ni hii. Yai la gramu 60 huwa na ganda la uzito wa gramu 5 au 6 hivi, na katika ganda hilo kalsiamu ni gramu 2. Mwili mzima wa kuku una gramu 20 hivi tu. Kwa hiyo kila yai huchukua kama sehemu moja ya kumi ya akiba yote. Mungu ameuumba mwili wa kuku kwa namna ya ajabu: yapata majuma mawili kabla ya yai la kwanza, mifupa yake huanza kuweka akiba ya madini hayo ndani yake. Lakini akiba haiwezi kuwekwa pasipo kitu cha kuwekwa.

Makombe ya chaza yaliyookotwa ufuoni yaoshwe vizuri, yaanikwe juani, kisha yapondwe yawe vipande vidogo kama chenga za mchele. Yasichomwe kuwa chokaa, kwa maana chokaa huunguza. Vipande hivyo viwekwe katika kifuu peke yake, mbali na chakula, ili kila kuku ale kadiri ya haja yake. Atagaye atakula vingi, na asiyetaga atavipita. Ganda la yai hujengwa kwa muda wa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku. Kwa hiyo yafaa kifuu kisiwe kitupu jioni. Wakati huohuo kila kuku aongezewe konzi moja ya nafaka, pamoja na dagaa kidogo.

Mtu asiyefanya hivi huona yai lenye ganda teketeke kama ngozi. Yai moja la kwanza kuwa hivyo si ajabu. Lakini yakifuatana, ni dalili ya upungufu. Mayai huvunjika kiotani, na kuku wakionja ute wake hujifunza kula mayai yao wenyewe. Kuku hutoa madini katika mifupa yake mpaka miguu inadhoofika, asiweze kusimama. Hapo mwenyewe husema, “Kuku huyu ana kisirani,” akamchinja. Kumbe kuku hana kosa: alikuwa akilipa deni kwa mifupa yake. Kuku wa namna hiyo aweza pia kuwa na ugonjwa, na ni vema kumwuliza bwana mifugo kabla ya kushika kisu.

Tembe mmoja aliyetunzwa vema huleta mayai ya kula, ya kuangua, na ya kuuza kwa bei ya daftari na kalamu. Mwenye kutaka mayai hayo na aanze kulisha vema kabla yai la kwanza halijaonekana.