Kabla ya kulipa shule ya kamio, jua kwanza utaishi wapi

Bandugu, mu komini yetu ya Kamalondo kuna swali moja linarudi sana kwa vijana waliomaliza masomo: "Niko na diplome, kazi haiko. Nijifunze kamio, niende zangu?" Wazo hilo si la kuchekwa. Kila mtu anaona makamio yanavyopita mu barabara ya Kasumbalesa, mchana na usiku, yamebeba shaba na kobalti, na nyuma ya kila usukani kuna mtu mmoja anayelipwa.

Lakini swali hilo limekosa neno moja: wapi. Diplome ya UNILU unaweza kuitia mu sakoshi, ukaipeleka Lusaka ao Montréal, na wakubwa wa kule wakaipima ni sawa na nini kwao. Permis ya kamio nzito haiko hivyo. Imefungwa na mahali unapoishi, na mafunzo yenyewe yamepangwa kufuata mtihani wa mahali pale. Mtu akilipa shule mu mji mmoja na huku roho yake iko mu mji mwingine, anaweza kulipa mara mbili. Na feza ile, tunajua, mara nyingi si yake peke yake: ni ya mama, ya kaka, ya likelemba.

Kama unahamia Kolwezi, habari ni fupi. Mu 2015 Katanga ya zamani iligawanywa kuwa majimbo manne, lakini sheria ya barabara ni moja kwa Kongo nzima. Permis uliyopata Lubumbashi ni ile ile kule Lualaba. Jifunze hapa, ulale kwenu, usilipe nyumba mara mbili. Kampuni ya mine ikikutaka, itakujaribu yenyewe.

Mambo yanabadilika ukivuka Kasumbalesa, kilomita kama 90 tu toka hapa. Cha kwanza ni upande. Sisi tunaendesha kuume. Zambia wanaendesha kushoto, na vilevile Tanzania, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Afrika ya Kusini. Wanaosema "utazoea" hawajawahi kuingiza remoruki mu rond-point inayozungukwa kinyume. Macho yanatafuta hatari upande ule wa zamani, na hatari inatokea upande mwingine.

Cha pili ni karatasi, na hapa wengi wanachanganya. Kupita Zambia na kamio ya Kongo ni jambo moja. Kukaa Zambia, kuajiriwa na kampuni ya Ndola ao Kitwe, ni jambo lingine kabisa: hapo unahitaji ruhusa ya kukaa, ruhusa ya kazi, na permis inayokubaliwa na RTSA, ofisi yao ya barabara. Afrika ya Kusini, kwa kamio ya remoruki nzito wanadai permis wanayoita kodi 14, na juu yake karatasi nyingine ya shofere wa kazi, PrDP. Kubeba mizigo ya hatari, kama mafuta ao asidi, lazima uwe na miaka 25. Tena kule kuna vikundi vya mashofere wa nchi vilivyofunga barabara mara nyingi, vikidai wageni watolewe mu makamio. Kodi 14 ya mgeni haimalizi shida hiyo, na heri ulijue jambo hilo ukiwa bado Kamalondo.

Tanzania wana NIT, chuo cha usafirishaji cha Dar es Salaam, kinachofundisha madereva pia. Kwa mtu anayetaka kuishi upande ule ningeanza kuuliza pale, juu lugha haitamsumbua sana.

Sasa Marekani. Ndugu zetu wengi wako Iowa, Kentucky, Texas, Maine, na swali la kuhama toka jimbo moja kwenda lingine ndilo linawasumbua hasa. Permis ya kule inaitwa CDL. Kwa kamio kubwa yenye remoruki ni daraja la A: uzito wa jumla kuanzia kilo 11,794, na remoruki ikipita kilo 4,536. Sheria kubwa ni ya nchi nzima, lakini anayetoa permis ni jimbo unaloishi. Permis yetu ya Kongo haibadilishwi kuwa CDL, hata kama uliendesha miaka kumi. Unaanza pale wanapoanza wengine.

Unaanza na permis ya mwanafunzi, ambayo unaipata mu jimbo unaloishi baada ya mtihani wa kuandika. Unakaa nayo siku 14 kwa uchache kabla ya mtihani wa kuendesha. Kati ya hapo, tangu tarehe 7 Februari 2022, ni lazima upite shule iliyoandikwa mu orodha ya serikali ya Marekani. Shule isiyo mu orodha, hata ikiwa na makamio mazuri namna gani, haikufikishi kwenye mtihani. Ukishapata CDL yenyewe na ukahama, una siku 30 kuipeleka mu jimbo jipya ili ibadilishwe, na kwa kawaida haurudii mtihani wa kuendesha.

Tuseme ndugu anaishi Des Moines na anawaza kuhamia Dallas. Hatari iko katikati. Kama ameshika permis ya mwanafunzi ya Iowa na akahama kabla ya kumaliza, Texas inaweza kumrudisha mwanzo: mtihani wa kuandika tena, siku 14 tena. Sheria inaruhusu mtu kufundishwa mu jimbo lingine na matokeo kutumwa kwao, lakini si kila jimbo linakubali kumpima mgeni. Mimi naona hivi: kama nyumba ya Dallas imeshapatikana na safari ni ya mwezi kesho, hama kwanza, usiguse shule. Kama Dallas bado ni maneno ya kwenye simu, maliza kila kitu Iowa, halafu uhame na CDL mu mkono. Kuhama katikati ndiko kunakokula feza.

Kuna pia shule za "bule". Kampuni inakufundisha, na wewe unasaini kuitumikia kwa muda, mara nyingi mwaka mzima. Ukiondoka mbele ya muda, gharama inakuwa deni lako. Soma ile karatasi ukiwa na swali moja mu kichwa: kampuni hii inaajiri watu wanaoishi wapi? Nyingi zinachukua mashofere wa majimbo fulani tu, ili waweze kuwarudisha nyumbani kupumzika. Unaweza kuhama kumufuata bibi yako, ukajikuta nje ya eneo lao: kazi imekwisha, deni limebaki. Na wale wenye miaka chini ya 21 wajue kwamba hawaruhusiwi kuvuka mpaka wa jimbo na kamio ya biashara. Kwa kijana wa miaka 19, jimbo analochagua ndilo uwanja wake wote wa kazi.

Halafu Kiingereza. Sheria ya kwamba shofere asome alama na ajibu polisi kwa Kiingereza iliandikwa zamani, lakini tangu tarehe 25 Juni 2025 wakaguzi wanamusimamisha palepale asiyejua. Kwetu sisi tuliosoma kwa Kifaransa, hii ni nzito kuliko freni za hewa. Mu mwezi wa nane 2025 Marekani ilisimamisha kutoa viza za kazi kwa mashofere wa kamio, na mu mwezi wa tisa ikatoa amri ya kubana CDL za wageni wasio na makaratasi ya kukaa moja kwa moja. Mahakama iliisimamisha amri ile mu Novemba, lakini mambo kama haya yanageuka haraka. Mkimbizi asiye na kadi ya kijani aulize ofisi ya jimbo lake kabla ya kulipa shule. Na wewe uliye hapa, mtu akikuuzia "kontra ya shofere Amerika, viza tayari," muulize ni viza gani hiyo, halafu ufunge sakoshi yako.

Kama kweli unawaza upande ule wa dunia na Kiingereza bado ni kizito, tazama Québec. Kule wanafundisha kamio kwa Kifaransa, na masomo ya ufundi wa usafiri wa kamio yanachukua masaa 615. Ontario jirani yao wanadai masaa 103.5 kwa uchache, tangu 2017. Tofauti hiyo inaonyesha namna majimbo mawili ya nchi moja yanavyoweza kuachana. Lakini hata huko, makaratasi ya kuishi yanatangulia shule.

Na huku unangoja? Jifunze Kiingereza, hata masaa mawili kwa juma. Pata permis yetu ya kawaida, uendeshe bila kugonga. Uzoee vitesi vya mkono, juu Marekani ukifanya mtihani na kamio ya otomatiki, wanaandika kwenye CDL yako kwamba huruhusiwi kuendesha ile nyingine. Shule nyingi zinapenda otomatiki juu mwanafunzi anamaliza haraka. Kwa hiyo uliza wana makamio ya namna gani kabla ya kutoa hata dola moja.