Mashine ya randa: mtumba au mpya?

Seremala wa Igowole, wilayani Mufindi, anayetaka kuranda mbao za paini nyumbani kwake huvutwa na mashine ya mtumba: chuma kizito, haitikisiki. Lakini bei ya muuzaji si gharama yote. Mashine nyingi zilizotoka viwandani zinataka umeme wa fezi tatu, volti 400, na nyumba nyingi zina fezi moja, volti 230. Ya Japani ina balaa zaidi. Huko fezi tatu ni volti 200. Kubadili mota au kuvuta laini mpya kunaweza kumeza nafuu yote pamoja na mtaji. Mashine mpya ndogo ya fezi moja huanza kazi siku hiyo hiyo, ingawa mbao pana huilemea. Anayeng'ang'ania mtumba aitake iwashwe kabla hajalipa: beringi mbovu hupiga kelele, na shafti iliyolegea huacha mawimbi kwenye ubao.