Tyuna za kufuli: kinachofungwa ni uzi, si sauti

Jina ndilo linalowapoteza wengi. Mtu akisikia tyuna za kufuli, yaani vikazio vya nyuzi vya kichwani mwa gitaa, anadhani akishalitungia gitaa sauti na kukaza, basi halitikisiki tena mpaka bibi harusi aondoke ukumbini. Jamaa mmoja ninayepiga naye dansi hapa Leicester alizinunua kwa imani hiyo. Alizifunga Ijumaa; Jumamosi, sebene limekolea, uzi wa tatu ukampanda sauti kama kawaida yake. Akanitupia jicho kana kwamba mimi ndiye niliyezitengeneza.

Kinachobanwa mle ndani ni uzi kwenye shafti. Shafti yenyewe inaendelea kuzungushwa na gia kama ya tyuna nyingine yoyote.

Chanzo cha hangaiko hili la sauti kuhama ni mkono wa tremolo, ule wa darajani unaobonyezwa ili kuyumbisha sauti. Mwaka 1954 kampuni ya Fender walitoa gitaa la Stratocaster likiwa na mkono huo, na kichwani likawa na tyuna za Kluson wa Chicago. Ni tyuna nzuri tu: shafti ina mpasuko juu na kitundu katikati, unaukata uzi, unachomeka ncha, unauzungushia shafti mara mbili au tatu. Mizunguko hiyo ndiyo inayoushika uzi, na matata yako humo humo. Ukibonyeza tremolo nyuzi hulegea, mizunguko inajiachia kidogo. Ukiuachia mkono, hairudi kujibana palepale ilipokuwa. Sauti inashuka.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Floyd Rose aliliendea tatizo kwa nguvu: alizibana nyuzi shingoni kwa vyuma na skrubu, na baadaye akazibana darajani pia. Zinatulia kweli, ila kubadilisha uzi mmoja jukwaani ni adhabu. Kwenye miaka ya 1980 Sperzel wa Cleveland, Ohio, wakatoa dawa ya upole zaidi. Ndani ya shafti kuna kipini kinachosukumwa na skrubu iliyo nyuma ya kichwa. Unapitisha uzi, unauvuta ukaze, unabana kwa vidole, na sauti inapatikana kabla shafti haijazunguka mara moja. Hakuna mizunguko ya kulegea. Schaller wa Ujerumani nao wanazo za skrubu ya nyuma. Gotoh wa Japani wana aina inayoubana uzi yenyewe mara tu unapoanza kuzungusha.

Sasa rudi kwa yule jamaa yangu. Uzi wake ulikuwa unapanda baada ya kutumia tremolo, na uzi unaopanda hivyo haujateleza kwenye shafti. Umekwama kwenye mkato wa kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwisho wa shingo: ulipolegea ulisogea upande wa kichwani, ukashindwa kurudi. Ukitungia sauti ukasikia "tik", mshitakiwa ni huyo huyo. Tulisugua risasi ya penseli ndani ya mkato, uzi ukatulia. Penseli! Angeanza na hiyo, pesa yake ingekuwa bado mfukoni.

Ukiwa umejiridhisha kwamba unazihitaji, chagua kwa tundu kabla ya jina la kampuni. Vichwa vya mtindo wa zamani wa Kluson vina matundu ya karibu milimita 8.7; tyuna nyingi za kisasa zinataka 10. Mimi nililijua hilo baada ya kifurushi kufika. Kwa haraka nikachukua drili ya kutobolea ukuta, nikapasua rangi ya kichwa cha gitaa langu kuanzia tundu la kwanza, na kovu lipo hadi leo. Tundu kama hilo hupanuliwa kwa mkono, taratibu, au unatafuta tyuna zinazoingia bila kupanua chochote. Zipo.

Halafu geuza kichwa uangalie mgongo wake. Fender nyingi za kisasa zina vitundu viwili vya vipini kwa kila tyuna, Schaller wana skrubu moja iliyokaa mshazari, Grover wameiweka pengine. Hipshot wa Marekani wanauza vibamba vya kulingana na vitundu vilivyopo, nami nawapenda kwa hilo. Hakikisha pia kama zako ni sita upande mmoja au tatu kwa tatu.

Uwiano wa gia, yaani 14 kwa 1 au 18 kwa 1, ni mara ngapi unazungusha kishikio ili shafti izunguke mara moja. Namba kubwa hurahisisha kupata sauti kamili, basi. Uzito uangalie kama shingo ya gitaa lako tayari inaelemea chini.

Wapigaji wa mi-composé, ule mtindo wa Kongo wa kuweka uzi mwembamba mahali pa uzi wa nne na kuupandisha oktava, nawashauri bila kusita. Uzi mwembamba ndio unaodai mizunguko mingi, na ukikatika katikati ya wimbo, kwa tyuna hizi mwingine unaingia kabla mwimbaji hajamaliza kutaja majina ya wafadhili.

Tyuna za zamani ukizitoa, zifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu zake. Siku ukiuza gitaa, mnunuzi ataziulizia.