Maneno Bingwa ya Kiholanzi

Kiholanzi, lugha ya Uholanzi na ya kaskazini mwa Ubelgiji, huunganisha maneno bila kuacha nafasi, na huko ndiko rekodi zake zinakozaliwa.

Kwa urefu, linalotajwa sana ni kindercarnavalsoptochtvoorbereidingswerkzaamheden: herufi 49, yaani shughuli za kuandaa maandamano ya watoto ya kanivali. Kitabu cha Guinness kiliwahi kulitambua. Linatisha macho tu. Likate palipoungwa (kinder, carnavals, optocht, voorbereidings, werkzaamheden) na ulimi utapita silabi zote 15 bila kukwama.

Kazi ipo kwenye konsonanti. Angstschreeuw, ukelele wa hofu, ni neno la silabi mbili, lakini katikati limebeba konsonanti nane mfululizo: ngstschr. Linapitwa na slechtstschrijvend, “anayeandika vibaya kuliko wote”, lenye tisa. Sisi tuliozoea silabi inayoishia na irabu hushawishika kuchomeka i au u humo ndani. Usichomeke. Maliza slechtst kabisa, ndipo uanze schrijvend. Ch yake hutoka kooni kama kh ya kheri wanavyoitamka watu wa pwani.

Upande wa irabu lilitawala koeieuier, kiwele cha ng’ombe, kwa irabu saba zilizofuatana. Mageuzi ya tahajia ya 1995 yaliingiza n, likawa koeienuier, na rekodi ikaishia hapo. Mageuzi hayohayo yalitenganisha e nne za zeeëend, bata wa baharini. Leo huandikwa zee-eend.

Kwa utata, kwartslagen ni hodari: kwart-slagen ni mizunguko ya robo, kwarts-lagen ni matabaka ya madini ya kwatzi. Hata hivyo, taji nampa massagebed. Ukikata massage-bed, ni kitanda cha kukandwa: mkazo uko kwenye sa, na g ni laini, ya Kifaransa. Ukikata massa-gebed, ni sala ya umati: mkazo unarudi kwenye ma, na g inakwaruza koo. Herufi ni zilezile, silabi ni nne zilezile, lakini kiungo kikisogea, matamshi na maana hubadilika pamoja. Sijaona neno jingine linaloonyesha jambo hili wazi kiasi hicho.

Kanuni za Kiholanzi zinaruhusu kistari panapohofiwa utata, kwa hiyo ukimaanisha sala, andika massa-gebed.