Shajara ya mwanafunzi isiyoonyesha viporo haina kazi

WANAFUNZI wengi wa sekondari hufungua mwaka wa masomo wakiwa na shajara mpya, iliyopigwa mistari kwa rula na kupambwa kwa kalamu za rangi. Ifikapo Machi, kurasa zake huwa tupu, ilhali kazi ambazo hazijafanywa zimekwisha kurundikana.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania, hilo si jambo dogo. Mtihani wa taifa hufanyika Novemba, na kabla yake kuna mitihani ya utamirifu. Aidha, alama za maendeleo ya darasani huhesabiwa katika matokeo, hivyo kazi mradi iliyosahauliwa mapema huweza kumgharimu mtahiniwa mwishoni mwa mwaka.

Kosa la kawaida ni kunakili ratiba ya vipindi. Ratiba hiyo tayari imebandikwa ukutani, na kengele humkumbusha kila mtu. Kinachostahili kuandikwa ni saa ambazo mwanafunzi hujisimamia mwenyewe.

Hapo ndipo ukweli unapohitajika. Mwanafunzi wa kutwa anayetoka shuleni saa tisa alasiri, akagombea daladala, akafika nyumbani saa kumi na moja, kisha akachota maji na kusaidia kupika, hana saa tano za kujisomea. Pengine anayo moja na nusu, kuanzia saa mbili usiku. Wasichana, ambao kazi za jikoni huwaangukia zaidi, mara nyingi huwa na muda mfupi kuliko huo. Ratiba inayodai saa tano humshinda mwenyewe siku ya kwanza, naye huitupa yote. Mzazi anayelalamika kuwa mwanawe hasomi angefanya vema kuitazama hesabu hii kwanza.

Jambo jingine, linaloonekana dogo, ni namna ya kuandika saa. Shule nyingi huandika ratiba kwa saa za Kiingereza, ilhali nyumbani watu huhesabu kwa Kiswahili. Anayeandika “2:00” bila maelezo aweza kuwa na maana ya saa mbili asubuhi au saa nane mchana, na tofauti yake ni saa sita nzima. Ni afadhali kuchagua mtindo mmoja na kuongeza neno asubuhi, mchana au usiku.

Kazi iandikwe katika ukurasa wa siku ya kukusanywa, si wa siku ilipotolewa peke yake. Ikiwa ni kubwa, igawanywe: siku ya kutafuta vitabu, siku ya kuandika rasimu, siku ya kunakili nadhifu. Marudio nayo yapewe tarehe. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba mtu husahau sehemu kubwa ya alichojifunza ndani ya siku chache, na kwamba kurudia kwa vipindi hupunguza hasara hiyo. Somo la Jumatatu basi laweza kuandikwa tena Jumanne, na mara nyingine wiki inayofuata.

Hata hivyo, kinachoiweka shajara hai ni dakika tano za kila usiku. Iliyokamilika ikatwe mstari. Kiporo kisiachwe nyuma, bali kihamishiwe siku inayotajwa. “Baadaye” si siku. Kazi iliyohamishwa mara tatu ina tatizo lake: ama ni kubwa mno, ama mwanafunzi hakuielewa. Ya kwanza igawanywe, ya pili ipelekwe kwa mwalimu wa somo kabla ya jaribio.

Jioni moja katika juma iachwe wazi kwa ajili ya viporo hivyo. Na hakuna haja ya kununua shajara ya gharama. Mwaka wa masomo una siku 194. Daftari la kurasa 200 hutosha ukurasa mmoja kwa kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiandikwa chini ya Ijumaa.