Kazi Isiyo na Mshahara Nayo ni Kazi

Mpishi wa hotelini akipika wali, mshahara wake huingia katika hesabu ya pato la taifa. Mama akipika wali ule ule nyumbani kwake, kazi yake haimo katika hesabu hiyo. Je, kilichobadilika ni kazi, au ni malipo tu?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutamka kwamba wanawake wa vijijini ndio wafanyao kazi kuliko wote Tanzania. Lakini kutamka si kupima. Mwaka 2006 utafiti wa nguvukazi nchini uliwauliza watu jinsi walivyotumia saa zao. Na mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi, mkutanoni Geneva, waliafiki kuwa kupika na kulea ni kazi.

Njia ipo. Saa zihesabiwe, kisha zizidishwe kwa ujira ambao angelipwa mtumishi. Naye muuza vitumbua asiulizwe mshahara, maana hana. Aulizwe mauzo ya siku, gharama ya unga na mafuta, na vitumbua walivyokula wanawe.

Wasiohesabu saa za kuteka maji hawaoni haraka ya kuchimba kisima. Hapana budi zihesabiwe.