Tumbo la Mtoto ni Shule

Akina mama wa Diani na Msambweni, tumboni mwa mtoto mmejaa vijidudu, na si vyote vibaya. Vile vizuri hula sukari fulani ya maziwa ya mama, na huifundisha kinga ya mwili kumjua adui, isipigane ovyo na chakula au vumbi. Kupigana huko ndiko mzio.

Utafiti wa hapa Kwale, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa chuma cha unga katika uji wa watoto wa miezi 6 kiliongeza vijidudu vibaya. Ule wa 2017 ulichanganya sukari ya kulisha vijidudu vizuri, madhara yakapungua.

Basi chuma tusikitupe, upungufu wa damu nao ni hatari, tufuate kliniki. Lakini miezi 6 ya kwanza, ziwa tu. Na uji ukianza, mama, usimwachishe.